Kigari cha mama na foleni ya Likoni

Siku niliyoliingiza gari langu uani kwetu Likoni, ami yangu alikuwa ameketi barazani na kikombe chake cha kahawa. Aliinua kichwa, akalitazama gari kuanzia taa za mbele mpaka kioo cha nyuma, safari ambayo kwa gari lile haikumchukua muda, kisha akaniuliza kwa upole wa mtu anayetaka kujua kweli: "Na kipande kilichobaki kinakuja lini?"

Watoto walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nami nilicheka, ingawa kicheko changu kilikuwa na uchungu ndani yake, maana nilikuwa nimetoa shilingi laki nne na nusu asubuhi ile ile, na mkono ulikuwa bado unaniuma.

Gari lenyewe ni Toyota Vitz, lile la umbo la pili lililoanza kutengenezwa Japani mwaka 2005. Msomaji wa Mombasa hana haja ya kuelezwa zaidi. Ni katika yale magari yasiyo na mkia, ambayo nyuma yamekatwa wima kama kipande cha mkate wa mayai, na ambayo buti lake si sanduku lililojitenga bali ni mlango mzima unaofunguka kwenda juu. Simama pale Mwembe Tayari kwa muda wa kuvuta sigara moja, kama wewe ni mvutaji, nawe utayaona yakipita moja baada ya jingine. Watu wa bara wamelitungia vichekesho, na sisi wa pwani hatukubaki nyuma: mara ni gari la bibi, mara ni tuktuk iliyoongezwa gurudumu la nne.

Nimekaa na gari hili miaka mitatu sasa, kila siku ya Mungu. Nimelipenda, nimelilaani, na siku moja liliniaibisha mbele ya watu kwa kosa lisilokuwa lake. Kisa hicho nitakifikia.

Kwanza nieleze kwa nini mwalimu wa shule, mtu aliyezoea kwenda kwa miguu na kwa matatu tangu utotoni, alijitia katika mambo ya magari. Mamangu ana maradhi ya figo. Mara mbili kwa wiki huvuka kwenda kisiwani kusafishwa damu kwa mashine, kazi ya kama saa nne kila mara. Kabla ya gari, safari ilikuwa hivi: bodaboda kutoka nyumbani mpaka kivukoni; kisha ule mteremko, kwa miguu, katikati ya umati wa watu wanaokimbilia kazini; kisha kusimama ndani ya feri ukiwa umebanwa; kisha kupanda mlima upande wa pili; kisha tuktuk. Kwenda si kitu sana. Shida ni kurudi. Mtu aliyetoka kwenye mashine ile huwa kama nguo iliyokamuliwa. Mara mbili mama aliketi chini pale penye mteremko, juu ya saruji, watu wakimpita pande zote, nami nimesimama mbele yake nimetanua mikono kama mtu anayezuia kuku.

Kakangu aliyeko Muscat alipopata habari, alitaka tungoje mwaka mmoja, atume pesa linunuliwe gari la heshima, moja la yale marefu yenye tairi kama za lori. Nia yake ilikuwa njema na Mungu atamlipa kwa nia yake. Lakini tulikuwa tumeshalijaribu gari la namna hiyo. Jirani mmoja alijitolea kumpeleka mama kwa gari lake kubwa, na ili apande ilibidi ainuliwe, mtu mzima, mbele ya wanaume wa mtaani, buibui likinasa kwenye kidato cha mlango. Mama hakusema neno. Lakini alipofika nyumbani jioni aliniambia, "Mwanangu, mara ya pili nitakwenda kwa miguu." Tulijaribu pia teksi ya kawaida, gari la chini lenye mkia. Humo aliingia kama mtu anayetumbukia shimoni, na kutoka ikawa ndiyo kazi.

Sasa hapa ndipo panapo siri ya hiki kigari kinachochekwa. Kina urefu wa mita 3 na sentimita 75 tu, lakini kimo chake ni mita 1 na sentimita 52. Kwa kuwa ni kifupi, waliokibuni walikipandisha juu, wakawaketisha watu wima kama walioketi kwenye kiti cha chakula. Matokeo yake ni kwamba kiti kiko sawa na nyonga ya mtu mzima. Mama hapandi wala hashuki. Anageuka, anaketi, kisha anaingiza miguu mmoja baada ya mwingine, buibui lake limetulia, wala hakuna wa kumshika. Anayejua maana ya sitara hatauliza tena kwa nini sikungoja pesa za Muscat.

Pesa zenyewe zilipatikana kwa njia ya kizamani. Mkewangu alikuwa na zamu yake katika mchezo wa akina mama wa mtaani, akaniachia. Mimi nilikuwa na akiba kidogo. Kilichopungua alikileta yule yule kakangu kama karadha hasana, mkopo usio na faida, nami nimemlipa kidogo kidogo mpaka ukesha. Wenzangu wengi shuleni walinunua kwa mkopo wa riba na sikai hapa kuwahukumu. Ila ni vizuri ikumbukwe kwamba tangu mwaka 2008 ziko benki za Kiislamu nchini, na utaratibu wao wa murabaha ni kwamba benki hulinunua gari yenyewe kwanza, kisha hukuuzia wewe kwa bei iliyotajwa wazi pamoja na faida yake, nawe ukalipa kwa awamu. Bei haipandi ukichelewa. Lakini usidhani kwa hivyo ni rahisi. Faida ni faida, na mwalimu hupiga hesabu yake mara mbili.

Mtoto wa Suez

Watu hudhani gari dogo ni gari kubwa lililopungukiwa. Sivyo, na historia yake inapita karibu nasi kuliko tunavyofikiri. Mwaka 1956, Mfereji wa Suez ulipofungwa kwa vita, petroli iliadimika Ulaya hata Uingereza ikaigawa kwa vibali. Mhandisi mmoja, Alec Issigonis, aliyezaliwa mwaka 1906 katika mji wa Izmir wakati wa Dola ya Uthmaniya, akapewa kazi ya kubuni gari dogo litakalobeba watu wanne kwa mafuta machache. Alichofanya ni kuigeuza injini. Badala ya kuilaza kwa urefu wa gari, aliikingamisha, na akalifanya gari livutwe na magurudumu ya mbele. Pua ndefu ikafupishwa, na nafasi ikarudi kwa wenye kupanda. Gari hilo lilikuwa Mini ya mwaka 1959.

Mlango wa nyuma ulikuja kwa wengine: Renault 4 ya Ufaransa mwaka 1961, na Primula ya Italia mwaka 1964, ambayo iliunganisha injini ya kukingama na mlango wa nyuma katika gari moja. Kisha Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zikazuia mafuta kwa sababu ya vita na Israeli, na bei ya pipa ikaruka kutoka kama dola 3 hadi karibu dola 12 kufikia mwanzo wa 1974. Mwaka huo huo ikatoka Volkswagen Golf, na tangu hapo dunia haikurudi nyuma. Kwa hivyo nasema, bila ya kutia chumvi nyingi, kwamba kigari cha mamangu ni mtoto wa Suez.

Vitz yenyewe ilianza kuuzwa Januari 1999. Umbo lake la kwanza lilichorwa na Mgiriki, Sotiris Kovos, na huko Ulaya ilipouzwa kwa jina la Yaris ilichaguliwa kuwa Gari la Mwaka 2000. Sheria ya Japani huyaweka magari yenye upana unaozidi mita 1 na sentimita 70 katika daraja la magari makubwa. Langu mimi lina mita 1 na sentimita 69 na nusu. Limekwepa kwa nusu sentimita! Mjapani aliyepiga hesabu hiyo hakuwahi kuuona Mji wa Kale wa Mombasa, lakini ukipita Ndia Kuu jioni, huku mkokoteni umesimama kulia na wazee wanacheza bao kushoto, unaweza kudhani alikuja kupima mwenyewe. Kwa bahati Wajapani nao huendesha upande wa kushoto kama sisi, usukani uko kulia, na gari likishuka Kilindini halina haja ya kugeuzwa chochote.

Kuishi nalo

Injini ya gari langu ni ya sisi 996, yenye pistoni tatu tu. Ikiwa imesimama hutetemeka kidogo, kama mtu mwenye baridi. Ukiwasha kipoza hewa ukiwa na watu watano na unaupanda mlima wa kutoka kivukoni, itakulazimu uchague mojawapo: baridi au mwendo. Sisi huchagua mwendo na kufungua vioo. Kwa upande wa mafuta silalamiki. Bei ya petroli hutangazwa na serikali tarehe 14 ya kila mwezi, na siku hiyo katika chumba chetu cha walimu wenye magari makubwa huingia kimya kama waliofiwa. Mimi kwa lita moja hupata kilomita 13 au 14 mjini, na zaidi nikitoka kwenda Ukunda.

Ubaya wake ni tumbo. Liko chini, pungufu ya shibiri kutoka ardhini, na kila tuta la barabarani hulikwaruza gari likiwa limejaa. Mvua za masika zinapoijaza maji njia yetu mimi huliacha nyumbani na kukunja suruali kama zamani. Nimewaona waliojaribu kuvuka, na nimewaona wakisukumwa.

Lakini mlango ule wa nyuma! Ukikilaza kiti cha nyuma unapata sakafu ambayo sikuamini ingeweza kutoka katika gari lile. Nimebeba magunia mawili ya mchele na sufuria ya biriani ya watu mia. Nimebeba mbuzi wa akika, naye akaniletea nuksi ambayo harufu yake ilikaa wiki mbili. Nimebeba mikeka ya matanga, na ngazi ya msikiti ikiwa imetokeza nje na kitambaa chekundu kimefungwa ncha. Gari la mkia lisingeweza nusu ya hayo. Na hapa ndipo mtu anapojifunza kwamba mtaani kwetu gari si la mtu mmoja. Usiku wa manane mlango hugongwa: kuna mzazi ana uchungu. Alasiri hugongwa: kuna maiti anazikwa Kikowani na wazee wawili hawana usafiri. Mwezi wa Ramadhani, kabla ya magharibi, gari langu huwa la visahani. Watoto wanavipakata mapajani, sambusa hapa, tambi kule, nami nafuata amri za mke wangu nyumba hadi nyumba mpaka adhana inikute njiani na tende mfukoni. Wako wanaoona hayo ni usumbufu. Mimi nasema kama hutaki kugongewa mlango, nunua baiskeli.

Kosa moja la wenye magari madogo lazima nilitaje kwa kuwa nililifanya. Tunadhani tunaenea popote. Ijumaa moja nilichelewa, nikaliingiza gari baina ya ukuta na lango la nyumba ya watu karibu na msikiti, nikajisifu moyoni. Baada ya sala, kabla hata ya watu kuinuka, kipaza sauti kilitangaza namba yangu ya gari, herufi kwa herufi, na kumtaka mwenyewe akaliondoe kwa kuwa mgonjwa ameshindwa kutolewa. Njia kutoka safu ya tatu mpaka mlangoni haijawahi kuwa ndefu namna ile.

Jambo jingine ambalo aliyebuni hakulifikiria ni saa ya mwendo. Katika Vitz ya umbo hili haiko mbele ya dereva, bali katikati, juu ya dashibodi, na kila aliyemo anaisoma. Mama aligundua siku ya kwanza. Macho yake ni dhaifu kwa mbali, lakini kwa kadiri ile anaona vizuri. "Khamsini," husema. Nikinyamaza, baada ya dakika: "Khamsini na tano. Unafukuzwa na nani?" Ndugu zangu wote husema ninaendesha kama sheikh. Siendeshi mimi, anaendesha mama. Mimi nimeshika usukani tu.

Na feri? Feri inataka moyo. Kila mmoja wetu anaikumbuka tarehe 29 Septemba 2019, gari liliporudi nyuma likatumbukia kutoka kwenye feri, mama na bintiye wakiwa ndani, na wasitolewe majini mpaka tarehe 11 Oktoba. Sisi huteremka polepole, tukasimama, nikazima injini, nikavuta breki ya mkono mpaka mwisho, na nikaacha gia imefungwa. Mama husoma dua ya kupanda chombo. Hatufungi mikanda mpaka tufike ng'ambo, na kioo cha upande wake huwa wazi, hata mvua ikinyesha.

Maji ya kisima

Nimesema nitakifikia kisa changu.

Wakazi wa Likoni wanajua hali ya maji yetu. Ya mfereji hutoka yanapotaka. Kisima tunacho uani, lakini maji yake yana chumvi. Kwa kufulia yanafaa kidogo, kwa chai hayafai kabisa. Mtu aliyeniuzia gari aliniambia nisisahau kuangalia maji ya rejeta, nami sikusahau. Kila Jumamosi nilifungua boneti, nikaona yamepungua, nikachota kisimani nikatia. Nilijiona mwangalifu sana. Maji ambayo chai iliyakataa, nilidhani injini itayapokea.

Mwezi wa Februari, kaskazi imeshika na hewa haiendi, tulikuwa tunarudi kutoka kisiwani kwenye saa nane mchana. Foleni ya magari ilikuwa ndefu. Mama alikuwa ametoka kwenye mashine nusu saa iliyopita, ameegemeza kichwa, na kwa ajili yake nilikuwa nimewasha kipoza hewa gari likiwa limesimama. Gari hili halina mshale wa joto. Lina taa ndogo mbili tu: ya buluu injini ikiwa baridi, nyekundu ikipita kiasi. Mama ndiye aliyeiona kwanza, kwa kuwa iko mbele ya macho yake. "Hii nyekundu ni ya nini?"

Kabla sijajibu, mvuke ulikuwa umetoka pande zote za boneti. Nilizima. Nyuma yangu honi zilianza. Nilitoka nje nikasimama na tambara mkononi, nikanyoosha mkono kufungua kifuniko cha rejeta, na sauti ikanikemea: "Wacha, mwalimu! Utajichoma uso!" Alikuwa muuza madafu aliyekuwa kivulini kando ya njia. Alikuwa na haki. Maji yale hukaa kwa shinikizo, na yakifunguliwa yangali moto huruka juu kama chemchemi.

Yeye na vijana watatu wa mikokoteni walilisukuma gari mpaka pembeni, mama akiwa ndani. Gari lina uzito wa kama tani moja, na siku ile niliushukuru udogo wake. La kakangu wa Muscat lingebaki katikati ya njia mpaka leo. Yule muuza madafu alileta mwavuli wake akaufunga mlangoni upande wa mama. Kisha akachagua dafu zuri, akalikata, akampa kwa mikono miwili.

Hapo palikuwa na mtihani. Mgonjwa wa figo aliye kwenye mashine hupimiwa maji anayokunywa siku nzima, na dafu ndilo baya zaidi, kwa kuwa lina potasiamu nyingi ambayo figo mbovu haziwezi kuitoa, na ikizidi hudhuru moyo. Madaktari walikuwa wametukataza kabisa. Lakini utamwambiaje mtu aliyekusukuma juani, tena mbele ya watu, kwamba hulitaki dafu lake? Mama alilipokea. Alilishika mikononi, akauliza jina la mamake, akamwombea. Kisha akamwambia, "Mwanangu, mimi nimekatazwa na waganga. Mpe huyu wangu, ameungua na jua." Nikalinywa mimi, naye akinitazama mpaka tone la mwisho.

Dereva mmoja aliyekuwa nyuma yetu, mmoja wa wale waliopiga honi, aliteremka akasema ana nafasi. Sikuweza kumwacha mama, wala sikuweza kuliacha gari. Muuza madafu alinyoosha kiganja. Nilimpa ufunguo, mtu ambaye sikulijua hata jina lake, nikavuka na mama.

Niliporudi na fundi, magharibi ilikuwa imeshasaliwa. Kibanda kimefungwa, madafu yamefunikwa kwa gunia, na mwenyewe ameketi juu ya bampa langu. Nilipotia mkono mfukoni aliushika mkono wenyewe akaurudisha. "Kesho ukipita, toa salamu," akasema. Natoa, kila siku.

Fundi aliifungua rejeta kesho yake. Rejeta za siku hizi ni za aluminiamu nyembamba, na ile yangu ilikuwa imeliwa na chumvi hata ukiigusa inamomonyoka kama biskuti iliyoloweshwa, na mirija mingine imezibwa na magamba meupe. "Mwalimu," akaniambia, "umeipikia injini yako kwa maji ya bahari." Kinachotakiwa ni ile kulanti ya rangi inayouzwa kwenye maduka ya spea, ambayo huzuia kutu na huchelewa kuchemka kuliko maji matupu, na ikikosekana kabisa, maji safi yasiyo chumvi. Halafu akaniuliza swali lililonichoma zaidi: kama maji yalikuwa yakipungua kila wiki, kwa nini sikujiuliza yanakwenda wapi? Palikuwa na mpira umepasuka tangu siku niliponunua. Ungegharimu kidogo sana. Nililipa rejeta, pampu ya maji na mpira, nusu ya mshahara wa mwezi, nikamshukuru Mungu kwamba niliizima mapema na kichwa cha injini hakikupinda.

Tangu siku hiyo nimekuwa mwanafunzi wa chumvi. Hapa kwetu haiko kisimani pekee, iko hewani. Huanza chini ya milango na kwenye bomba la moshi, mahali usipopaona. Kila mwezi huoshwa chini kwa maji matamu, na mara mbili kwa mwaka fundi hunipulizia oili sakafuni. Uani kwetu hunuka kama gereji kwa siku tatu, na ami hulalamika kahawa yake imeingia petroli.

Hivi karibuni kakangu alipiga simu tena. Amesikia kwamba Vitz hazitengenezwi tena huko Japani, na ni kweli: mwaka 2020 Toyota iliacha jina hilo huko, ikabaki Yaris. Na kwa kuwa sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, si muda mrefu kabla ya Kilindini kushuka Vitz ya mwisho kutoka Japani. Spea zitakuwapo kwa miaka, maana yaliyopo nchini ni mengi mno, lakini kakangu anaona huu ndio wakati wa kubadilisha. Safari hii pesa anazo tayari. Nilimpa mama simu waongee wenyewe. Alimsikiliza kwa muda mrefu, akamwombea dua, akamwuliza habari za watoto, kisha akasema pesa hizo zimtengenezee ami yake paa, linavuja.

Jana ilikuwa zamu yake ya mashine. Alfajiri nililitoa gari, nikafungua mlango wa mbele. Alikuja kwa hatua zake ndogo, mkono ukutani, akafika, akageuka, akaketi, akaingiza mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Hakunitolea salamu.

"Umetia maji ya duka?"

"Nimetia, mama."

"Nionyeshe."

Nikafungua boneti.